Bodi yako ya redio inafika wapi? Acha kilomita kwanza, hesabu paketi

Mtu akipata bodi ya redio swali la kwanza ni inafika wapi. Hata mi nilianza hivohivo, nikachukua bodi mbili za LoRa (aina ya redio ya kutuma data kidogo mbali kwa umeme mdogo) za megahezi 433, moja nikaiacha dirishani inatuma neno moja kila sekunde mbili, nyingine nikaishika mkononi nikaanza kutembea huku macho kwenye kiskrini. Kwenye mita kama 400 hivi ikanyamaza. Kimya kabisa. Nikarudi nimenuna, nikaandika kwenye daftari "mita 400 basi", na nikakaa na hilo jibu karibu wiki nzima.

Kumbe redio haikuwa na kosa, ni pawabenki. Bodi ya namna hii inakula umeme kidogo mno, na pawabenki nyingi zikiona hivo zinadhani simu imeshajaa zinajizima zenyewe, kwa hiyo nilichopima siku ile ni pawabenki inachukua dakika ngapi kulala. Toka hapo kitumaji nakipa betri ya kawaida, na nikifika pale ninapodhani ndo mwisho sitangazi kitu, narudi nyuma kwanza mpaka nisikie tena. Ukirudi mita 100 na bado kimya jua kitumaji kimekufa, umbali hauhusiki.

(Halafu hili neno masafa linatuchanganya, maana kuna masafa ya mbali na kuna masafa ya mawimbi. Humu nikisema masafa namaanisha megahezi, ule mwendo naita umbali.)

Sasa kosa la pili, na hili naona hata watu wazoefu wanalifanya: kuangalia RSSI peke yake. RSSI ni nguvu ya mawimbi pale yanapoingia kwenye kipokeaji, inasomwa kwa dBm, namba hasi, ikienda kwenye -120 ujue uko mbali au umejificha. Shida ni kwamba unaisoma kwenye paketi, yaani ujumbe mmojammoja unaotumwa, zilizofika tu, zilizopotelea njiani hazina RSSI. Ni kama kuuliza hali ya barabara kwa waliofika salama peke yao. Ndo maana ukisogea mwisho kabisa utaona wastani wa RSSI umetulia tu, haushuki tena, unafurahi, kumbe nusu ya paketi hazipo.

Dawa yake rahisi, kila paketi ipe namba. Kitumaji kinahesabu 1, 2, 3 na kuendelea, kipokeaji kinaandika namba, RSSI na SNR (mawimbi yako yakilinganishwa na kelele za hewani) kwenye kadi ya kumbukumbu au kwenye laptopu, ukirudi unatafuta mapengo. Nimetuma 200, nimepata 163, zimepotea 37, hiyo ni asilimia 18.5, sasa hapo tuna kitu cha kuongea. Na usitume kumi ukaridhika. Hata ukituma 100 zikafika zote bado upotevu halisi unaweza kuwa asilimia 3 hivi, ni bahati tu hujauona, ukitaka kusema kwa kujiamini kwamba uko chini ya asilimia 1 tuma 300 na isipotee hata moja.

Kwa LoRa iangalie sana SNR, maana inaweza kusoma mawimbi yaliyozama chini ya kelele. SF ni mpangilio wa kasi ya LoRa, namba ikipanda inatuma polepole zaidi ila inasikika mbali zaidi. Ukiweka SF7 inavumilia mpaka kama -7.5 dB, SF12 inashuka mpaka kama -20. Kwa hiyo ukiwa SF7 na unasoma -6 uko ukingoni, mtu akiegesha lori mbele hupati kitu. Ila usikimbilie SF12 kwa uroho wa umbali, paketi ya baiti 20 inakaa hewani zaidi ya sekunde moja wakati SF7 inamaliza chini ya milisekunde 100, betri inaumia na unagongana na wengine.

Wenye nRF24L01+, chipu ya redio ya gigahezi 2.4, mna kesi yenu. Ile chipu haina RSSI ya kweli, ina biti moja tu inayokwambia mawimbi yamezidi -64 dBm au la. Na ina tabia ya kurudia kutuma yenyewe, mpaka mara 15 ukiiruhusu, kwa hiyo programu inakwambia "imefika" wakati imefika kwa kubembeleza. Wakati wa kupima zima hiyo kurudia, ama usome ile hesabu ya marudio. Na kama moduli ina kikuza mawimbi, weka kapasita ya maikrofaradi 10 karibu kabisa na pini za umeme, wengi wanailaumu redio kumbe umeme unayumba.

Antena sasa. Ya megahezi 868 na ya 433 ukizishika zinaweza kufanana kama pacha, kwa hiyo zipime au zipe alama. Waya wa robo wimbi kwa 433 ni sentimita 17 na kidogo. Zote mbili ziwe wima, na usiwashe kitumaji bila antena, unaweza kuua kikuza mawimbi. Mi bodi nafunga kwenye mpini wa fagio naiinua juu ya kichwa, kwa sababu mwili wako ni ukuta: jaribu gigahezi 2.4, shika bodi kifuani afu mpe kitumaji mgongo, angalia namba zinavyoporomoka. Hapohapo isogeze upana wa kiganja tu, inaweza kubadilika tena sana, mawimbi yanayogonga kuta yanakutana na kuuana. Usipime nukta moja, zunguka kidogo.

Na kuona kwa macho hakutoshi. Kwenye kilomita 1 kwa 433 yale mawimbi yanahitaji nafasi yenye umbo la mtumbwi, katikati inatanuka kama mita 13 kila upande, ardhi ikiingia humo unapoteza. Kuinua antena mita mbili kumenisaidia kuliko kuongeza nguvu ya kutuma.

Ukishamaliza kutembea ziache bodi mahali pamoja usiku kucha. Mi nilikuta paketi hazipotei sawasawa, zinapotea kwa makundi, nusu saa safi afu zinakufa ishirini mfululizo. Nilikuwa nimekaa 433.92, palepale zinapokaa rimoti za mageti na vipima hali ya hewa vya majumbani. Nikahamia 434.5, baada ya kuangalia kanuni kwanza kama inaruhusiwa, na usiku uliofuata yale makundi hayakuwepo.