Jibu: Ada za Etsy zinakula faida ya vikapu

Dada, pole na kazi. Umeuliza upandishe bei ya vikapu au ufunge duka la Etsy (soko la mtandaoni la vitu vya mikono), maana ada imepanda na faida huioni.

Anza kuangalia posta. Ile ada ya Etsy kwa kila mauzo, asilimia 6.5 (ilikuwa 5 hadi Aprili 2022), inakatwa kwenye bei pamoja na posta. Kikapu cha dola 30, posta 12: unakatwa kwenye 42, yaani 2.73. Ongeza senti 20 za kuweka bidhaa, na malipo ya kadi huku Marekani, asilimia 3 na senti 25. Jumla 4.44, kodi ya mauzo bado. Mimi nilikuwa napigia hesabu 30 tu, najiona mjanja!

Sikupandisha kila kitu. Niliongeza bei ya vikapu vikubwa tu. Vidogo vya dola 8 nikaanza kuviuza viwili viwili, kwani zile senti 45 (20 na 25) zisizopungua ndizo zilizokuwa zikivimaliza.

Ila usimwambie mteja akulipe pembeni. Wanakataza, na duka linaweza kufungwa. Matangazo ya kulipia sijawahi kuyagusa, waliojaribu watakujibu.