Pamba masikioni haitoshi, fundi

Ndugu fundi, umeuliza kama pamba inatosha kwenye karakana yenu ya samani pale Keko, randa na msumeno wa umeme vikinguruma kutwa. Haitoshi hata kidogo. Kikomo cha kelele kinachotumika sana ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8. Ikifika 88, ni saa 4 tu.

Vile vifuniko vikubwa vinavyofunika sikio lote ni vizuri, ila ukivaa na miwani ya vumbi vinaacha mwanya penye mkono wa miwani. Ningekuwa wewe ningenunua vizibo vya sponji vya kuingiza sikioni. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kisukume ndani, kishikilie mpaka kitanuke. Kikibaki nje nusu, hujavaa. Na nawa mikono kwanza, hasa ukitoka kwenye gundi.