Prosesa iliyolemewa

Wiki hii mmeuliza: "Ni kasoro gani ya kitu unachokipenda ambayo usingetaka irekebishwe?" Nadhani wengi watataja redio zinazokoroma na magari ya zamani. Mimi nataja gemu. Ni Space Invaders, mashine ya mchezo wa kupiga risasi aliyoibuni Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, ikatoka mwaka 1978.

Kwa asiyeijua: chini ya skrini una mzinga mmoja unaokwenda kushoto na kulia, mbele yako ngome nne za kujificha, na juu wavamizi 55, safu tano za 11. Wanatembea hadi ukingoni, wanashuka hatua moja, wanageuka. Wakikufikia chini, umekwisha. Sisi wa pwani tunawatambua mara moja: juu ngisi wa pointi 30, katikati kaa wa 20, chini pweza wa 10. Nishikado alianza na ndege za kivita na vifaru vya jeshi, lakini havikutembea vizuri. Binadamu ndio waliotembea vizuri, ila kampuni haikutaka mchezo wa kuua watu. Ndipo akawakumbuka wageni wa Mars wenye umbo la pweza katika hadithi ya H. G. Wells.

Haya, kasoro yenyewe. Prosesa yake, yaani chipu inayofanya hesabu zote za mashine, Intel 8080, ilizidiwa na kazi. Haikuweza kuwasogeza wote 55 kwa mkupuo, ikawa inamsogeza mmoja, halafu mwenzake, halafu mwenzake, mmoja kila picha inapochorwa upya, na picha huchorwa kama mara 60 kwa sekunde. Ndiyo maana mwanzoni jeshi zima hutumia karibu sekunde nzima kupiga hatua moja. Ukiwaua nusu yao, zamu inazunguka upesi maradufu. Akibaki mmoja, zamu zote ni zake, na anakimbia kama mwizi aliyeitiwa. Zile noti nne nzito za sauti nazo zinaharakisha, mpaka kiganja kinaloa jasho. Nishikado hakuwa amepanga kasi hiyo. Aliiona, akaiacha.

Mimi ni fundi wa elektroniki, na najua mikono inavyowasha ukiona kitu hakiendi sawasawa. Kuiacha kasoro makusudi kunataka moyo. (Hata rangi ilikuwa ujanja: skrini nyingi zilikuwa nyeusi na nyeupe, zikabandikwa vipande vya plastiki vya rangi.)

Ile hadithi kwamba Japani iliishiwa sarafu za yeni 100 kwa ajili ya mchezo huu siiamini, ingawa inapendwa sana. Linalonichekesha zaidi ni la Uingereza. Mei 1981 mbunge George Foulkes alitaka mashine hizi zidhibitiwe kwa sheria, na hoja yake ikashindwa kwa kura 114 dhidi ya 94. Kura 20 tu! Mwaka 2013 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, likauweka mchezo huohuo kwenye hazina yake.

Mwaka jana nilijaribu kuuandika mwenyewe kwenye laptopu yangu. Kompyuta ya leo haijui kulemewa: iliwachora wote 55 kwa pamoja, wakatembea mwendo uleule tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanangu akacheza raundi mbili, akaniambia, "Baba, hawa hawatishi." Nikafuta, nikaandika upya ili kila picha asogee mmoja tu, wengine wasubiri zamu yao. Usiku ule nilimkuta bado amekaa mbele ya skrini, amebakiza kaa mmoja, na hapumui.