Ushauri wa Taaluma za Afya Uanze Kabla ya Kidato cha Tatu

Swali la wiki hii lilikuwa: walimu wa sekondari wasaidiweje ili waweze kuwaongoza wanafunzi kuelekea taaluma za afya? Ninajibu nikiwa mwalimu wa Kemia katika sekondari ya kata hapa Tanzania, ambaye pia amekabidhiwa kazi ya malezi na unasihi. Jibu langu ni kwamba msaada wowote tutakaopewa utufikie mapema, mwanafunzi akiwa bado yuko Kidato cha Pili, kwa sababu uamuzi mzito kuliko yote hufanyika hapo, na mara nyingi hufanyika bila yeye wala mzazi wake kujua uzito wake.

Kwa utaratibu tuliouzoea, mwanafunzi anapoingia Kidato cha Tatu huchagua mchepuo. Baiolojia na Hisabati hubaki kuwa za lazima, lakini Fizikia na Kemia anaweza kuziacha. Wengi huziacha kwa sababu matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili hayakuwa mazuri, na nasikitika kusema kwamba baadhi ya shule huwasukuma wanafunzi dhaifu watoke kwenye sayansi ili wastani wa ufaulu wa shule usishuke. Mtoto huyo huendelea kusema kwamba atakuwa muuguzi au tabibu, na hakuna anayemweleza kwamba Baiolojia peke yake haitamfikisha huko. Chuo kinachofundisha stashahada ya utabibu hudai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ufaulu unaozungumzwa hapo ni kuanzia D, na D ya Kidato cha Nne huanzia alama 30. Aliyepata alama 33 za Fizikia ana sifa ya kuomba. Aliyeacha Fizikia akiwa na alama 28 za Kidato cha Pili, ambazo kwa miaka miwili ya kusaidiwa zingeweza kupanda, hana tena. Wazazi wengi hushtuka ninapowaonyesha hesabu hiyo, kwa sababu wamezoea kuamini kwamba sayansi ni ya wale wanaopata A.

Hisabati nayo ina mtego wake. Kijana anaweza kupata F ya Hisabati katika Kidato cha Nne, akasoma utabibu hadi stashahada, akafanya kazi vizuri kwenye zahanati, kisha akatamani kujiendeleza hadi shahada ya udaktari. Mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, umekuwa ukimtaka mwombaji wa njia hiyo awe na wastani wa B au GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0, na zaidi ya hapo awe na angalau D za Kidato cha Nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Mtu mzima mwenye familia hulazimika kurudi kufanya mtihani wa Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea, jambo ambalo mwalimu mwenye taarifa angeweza kumwepusha nalo tangu akiwa darasani.

Hata hivyo, taarifa za sifa za kujiunga hazitoshi kumfanya mtoto avumilie somo gumu. Anahitaji kuona somo hilo likifanya kazi, na hapo ndipo walimu tunahitaji kusaidiwa zaidi, maana wengi wetu tulitoka chuo cha ualimu moja kwa moja hadi darasani na hatujawahi kuingia kwenye maabara ya hospitali isipokuwa tukiwa wagonjwa. Tulipowapeleka wanafunzi wetu kwenye maabara ya hospitali moja, mteknolojia aliwaonyesha namna ya kutayarisha slaidi ya malaria. Alitandaza tone nene na tone jembamba la damu kwenye kioo kimoja, akalipaka lile jembamba methanoli na kuliacha lile nene bila kuligusa, kisha akachanganya rangi ya Giemsa na maji yaliyorekebishwa pH, yaani kipimo cha uasidi au ubesi, hadi 7.2. Msichana mmoja aliuliza kwa nini iwe 7.2 na si vinginevyo. Akaelezwa kwamba pH ikikosewa rangi haishiki inavyopaswa, vimelea havionekani vizuri, na mgonjwa anaweza kuambiwa hana malaria ilhali anayo. Nilikuwa nimefundisha pH kwa wiki nzima bila mtu kuniuliza swali lenye uzito wa namna hiyo.

Mwalimu wa Hisabati naye akipewa mifano ya wodini ataitumia. Mtoto ana kilo 12, dozi ya parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, na dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5: apewe mililita ngapi? Darasa likipata mililita 7.5 limefanya uwiano, na limefanya kazi ambayo muuguzi huifanya kila siku.

Jambo jingine ni upana wa fani zenyewe. Mwulize mwanafunzi wa kata yetu ataje kazi za hospitalini, naye atataja daktari na nesi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanafundishwa wataalamu wa fiziotherapia, wapima macho, na katika kituo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981, mafundi wa viungo bandia wanaotoka pia nchi nyingine za Afrika. Kijana anayependa kuchonga na kupima vitu kwa mikono, ambaye hasisimki hata kidogo akisikia neno sindano, angeweza kutengeneza mguu bandia maisha yake yote na kuifurahia kazi hiyo. Hajui kuwa ipo, na mwalimu wake pia hajui.

Kuhusu ada, wazazi waambiwe kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wakiwamo wa fani za afya, na kwamba kabla ya kulipa chochote wahakikishe chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi. Tuwaambie pia ukweli kwamba wapo wahitimu wanaokaa muda mrefu wakisubiri ajira. Kuwaficha hilo ni kuwakosea.

Ninachoomba kwa vyuo vya afya na hospitali za wilaya ni hiki. Likizo ya Juni wawapokee walimu wa sayansi kwa siku mbili au tatu, wawapitishe maabara, famasi, chumba cha mionzi na wodi, wakiwaonyesha mahali ambapo kila mada ya mtaala inatumika. Wawape pia karatasi moja ya Kiswahili kwa kila fani, yenye masomo yanayotakiwa, miaka ya kusoma, ada, na njia ya kujiendeleza. Karatasi hizo zifike shuleni kabla ya upimaji wa Kidato cha Pili, zikiwa na namba ya simu ya ofisi ya udahili ambayo mwalimu anaweza kuipiga mzazi akiwa amekaa mbele yake.