Nikimkata mtu kwenye picha, kwa nini kingo zake zinakuwa mbaya?

SWALI: Najifunza kuhariri picha. Namchagua mtu, nafuta mandhari ya nyuma, kisha namhamishia kwenye picha nyingine. Kingo zake zinaonekana zimekatwa kwa mkasi, nywele zinabaki na utepe mweupe, na nikishahifadhi siwezi kurudisha nilichofuta. Naambiwa nitumie maski. Ina tofauti gani na kuchagua?

JIBU: Kwanza achana na kufuta. Nusu ya matatizo yako yanatoka hapo.

Kuchagua ni kuiambia programu ifanye kazi wapi. Ile mistari ya vipande inayotembea kuzunguka eneo ulilochagua ni ya muda tu. Ukibofya pembeni kwa bahati mbaya, imepotea. Maski hubaki, imeshikamana na tabaka (moja ya picha zilizopangwa juu ya nyingine kwenye kazi yako), na kwa kuwa inaficha bila kufuta, pikseli zote, yaani vidoti vinavyounda picha, bado zipo. Hivi viwili hufuatana: mchague mtu, kisha, mistari ikiwa bado inatembea, ongeza maski kwenye tabaka lake. Katika Photoshop bofya kitufe cha mstatili wenye duara ndani, chini ya orodha ya matabaka. Katika GIMP bofya tabaka kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ongeza maski, na uchague ianzie kwenye eneo ulilochagua.

Kwenye maski, nyeupe huonyesha, nyeusi huficha, kijivu huonyesha kidogo. Maski ya biti 8 ina ngazi 256, kuanzia 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), na uzuri wa ukingo unatokana na zile za katikati. Ukingo wako unaonekana wa mkasi kwa sababu unaruka kutoka 0 hadi 255 ghafla. Kwa mabega na nguo, kulainisha kwa pikseli 1 au 2 mara nyingi kunatosha. Ukizidisha, mtu anazungukwa na ukungu, na mimi naona hilo ni baya kuliko mkasi.

Nywele zishughulikie peke yake, kwa brashi laini yenye nguvu ndogo, ukipaka nyeusi kidogokidogo. Ukipitiliza, bonyeza X kwenye kibodi ili nyeusi na nyeupe zibadilishane, upake nyeupe, nywele zinarudi. Lakini hakikisha kwanza umebofya kijipicha cha maski kwenye orodha ya matabaka, si cha picha, la sivyo utapaka weusi kwenye uso wa mtu! Wanaoanza wengi hukwama hapa.

Ule utepe mweupe ni mwanga wa mandhari ya zamani uliochanganyika na nywele. Sogeza ukingo wa maski ndani kwa pikseli 1 au 2. Utepe ukibaki, chukua rangi ya nywele za jirani na uipake taratibu juu ya utepe, kwenye tabaka jipya. Kagua ukiwa umekuza picha hadi asilimia 100, juu ya mandhari mapya yenyewe, maana utepe usioonekana kwenye weupe hujitokeza kwenye giza.

Hifadhi kazi kama PSD (faili la Photoshop) au XCF (faili la GIMP), maana hutunza matabaka na maski. JPEG hubana matabaka yote kuwa moja. PNG hutunza uwazi (sehemu zisizo na picha), ila maski yenyewe haibaki.