Nilikuwa wa kwanza darasani, mbona wa mwisho wamenipita?

Barua za wasomaji hujibiwa na mwalimu mstaafu wa hisabati, Langoni, Lamu.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Malindi, umri miaka 33. Tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne sikuwahi kushika nambari mbili. KCSE nilipata A-, nikaitwa chuo kimoja Nairobi kusomea uhandisi. Mwaka wa pili nikaanguka somo moja la hesabu. Sikumwambia mtu, maana sikuzoea kuuliza. Mwaka wa tatu nikaacha, nikarudi nyumbani. Sasa niko saiba, nawajazia watu fomu za HELB, zile za mkopo wa chuo, na za kodi. Jirani yangu wa dawati, aliyekuwa akinakili kazi zangu na akatoka na D+, leo ana friza nne na gari la kupeleka samaki Mombasa. Tukikutana hunilipia chai. Mama asema nimepigwa jicho. Wazee walituambia akili ni mali. Mwalimu, yangu iko wapi?*
*– Wa Kwanza, Malindi*

Marahaba, mwanangu. Jicho tumwachie mama, mimi nitabaki kwenye hesabu.

Kwanza nikunyime faraja ya bure. Siku hizi ukitaka kupigiwa makofi kwenye mkutano wa wazazi, simama useme akili za darasani hazina maana, kisha wataje matajiri wawili watatu walioacha shule. Si kweli. Zina maana. Mwaka 2007 mtafiti wa Estonia, Tarmo Strenze, alikusanya tafiti zilizowapima watu akili wakiwa wadogo, zikawafuata hadi ukubwani. Uhusiano wa vitu viwili hupimwa hivi: sifuri ni kwamba havijuani kabisa, moja ni kwamba vinakwenda sambamba bila kuachana. Kati ya akili na kiwango cha elimu alipata kama 0.56. Kati ya akili na aina ya kazi, 0.43. Kati ya akili na mapato, karibu 0.20.

Wewe mtu wa A- hutanilaumu nikikupa zoezi. Zidisha 0.20 kwa yenyewe, utapata 0.04. Ndiyo kusema ukichukua tofauti zote za kipato baina ya watu, akili inaeleza sehemu 4 tu katika 100. Zile 96 zimo kwengine: umezaliwa kwa nani, nani alikushika mkono, afya, bahati, na jinsi unavyobeba mambo yako. Kwa hiyo akili ilikufikisha chuo kama ilivyotarajiwa. Pesa hazikuwa zimeahidiwa.

Kuna mtu aliyetaka kuthibitisha mpaka mwisho kwamba akili ndiyo huamua maisha. Lewis Terman, profesa wa Stanford, Marekani, alianza mwaka 1921 kuwakusanya watoto wa California waliopata alama za juu kabisa kwenye vipimo, wakazidi 1,500, naye na waliomrithi wakawafuata maisha yao yote. Wengi wao waliishi vizuri: madaktari, mawakili, maprofesa. Lakini hakuna hata mmoja aliyepata Nobeli, na wavulana wawili waliopimwa wakaonekana hawatoshi, William Shockley na Luis Alvarez, wote wawili waliipata ya fizikia, 1956 na 1968. Hiyo ndiyo hadithi watu wanayopenda kuisimulia. Mimi napenda ile nyingine. Baadaye, msaidizi wake Melita Oden aliwalinganisha wanaume 100 waliofanikiwa zaidi katika kundi hilo na 100 waliofanikiwa kidogo. Alama zao za utotoni zilikaribiana sana. Waliofanikiwa walitofautiana na wenzao kwa kung'ang'ania jambo hadi liishe na kwa kujiamini, na pia kwa nyumba walizotoka, maana baba zao walikuwa wamesoma zaidi. Hilo la mwisho usilipite haraka. Hata miongoni mwa werevu watupu, nyumba uliyotoka bado ina mkono wake.

Sasa turudi kwenye barua yako. Umeandika mistari mingi kuhusu alama na friza, lakini nilisimama kwenye maneno matatu: "maana sikuzoea kuuliza."

Nilikuwa Matondoni majuzi, nimekaa kivulini nikitazama jahazi linaundwa. Mkuku umelala, mataruma, yaani mbavu za chombo, yameanza kusimama, na fundi hana karatasi wala mchoro. Anarudi nyuma hatua chache, anafumba jicho moja, anasema taruma la tatu limebeba tumbo. Kijana wake anachukua tezo, anachonga kidogo, anainua kichwa: "Baba, hivi?" Bado. Anachonga tena. "Hivi?" Bado, umezidisha upande huu. Sisi sote tumekaa pale, wavuvi, watoto na mimi mgeni, anakosolewa mbele yetu na wala hatahayari. Kwake kukosolewa ndiyo kazi yenyewe.

Wewe hukupata hata siku moja ya namna hiyo. Kwa miaka kumi na miwili kila ulichoshika kilikubali mara ya kwanza, nasi walimu tukakupigia makofi. Siku somo lilipokataa hukujua mtu hufanya nini. Wenzako wa C walikuwa wameshazoea: wanabisha mlango wa mhadhiri, wanakaa vikundi usiku, wanarudia mtihani na maisha yanaendelea. Somo moja, mwanangu! Vyuo vina mitihani ya marudio kwa ajili hiyo hiyo. Hukukosa akili pale, ulikosa mazoea ya kushindwa kidogo kidogo, na sisi tuliokufundisha tulikusifu badala ya kukupa kazi ngumu kuliko wewe.

Na huyo wa D+, tafadhali usimwite mjinga hata moyoni. Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti waliofanya Usenge, kule Siaya kando ya Ziwa Viktoria. Waliwapima watoto wa miaka 12 hadi 15 kuhusu miti ya dawa: ipi ni ya minyoo, yatumiwa vipi. Kisha wakawapa vipimo vya kawaida vya shule. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini kwenye msamiati. Kila nyumba ilikuwa imechagua mtoto ajaze kichwa kwa kitu gani. Jirani yako alipokuwa akinakili hesabu zako, nadhani kichwani mwake mlikuwa na bei ya kolekole. Leo anajua nani karudi na nguru, nani anadaiwa barafu, na kusi ikichafuka samaki atampata wapi. Mwulize pia friza ya kwanza alinunuliwa na nani. Mara nyingi kuna mjomba.

Ufanyeje? Saiba usiidharau. Watu wanakupa kitambulisho na nywila zao kwa sababu wanakuamini, na Juni ikifika, tarehe 30 ya kodi ikikaribia, foleni ni yako. Jisajili KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu, usomee CPA, cheti cha uhasibu. Wanataka C+, wewe unayo na ziada, na mitihani hufanywa kwa hatua huku unafanya kazi. Kisha nenda kwa jirani yako. Ana friza nne na gari, na naweka dau hesabu za biashara yake zimo kwenye daftari lililolowa maji ya samaki. Mwambie utamwekea hesabu zake kwa malipo. Safari hii chai ulipe wewe.

Na somo likikukataa, piga simu kwa mtu siku hiyo hiyo.

*Mwalimu, kuna mtu anapita mitaani akiuza dawa ya maji ya kuongeza akili kwa watoto wa shule, shilingi 2,500 chupa. Binti yangu yuko darasa la tatu na hashiki haraka. Ninunue?*
*– Mama Mwenye Wasiwasi, Faza*

Usinunue, dadangu. Akili ya mtoto huongezeka, lakini si kwa chupa hiyo. Kule Embu, watoto wa vijijini waliopimwa akili 1998 waliwazidi mbali wale wa 1984, na watafiti walitaja lishe bora, wazazi kujua kusoma na familia kuwa ndogo. Hakikisha chumvi yako ina iodini, mpe dawa ya minyoo, mayai na dagaa, alale mapema. Kabla ya yote mpeleke akapimwe macho na masikio. Nimefundisha watoto wengi walioitwa wazito, kumbe ubao hawauoni.