Kabla hujaniita nije kuangalia skrini yako

Wiki hii nimeitwa mara nne kuangalia JavaScript yenu. Mara nne nimevuta kiti, na mara nne nimekuta konsoli, pale brauza inapoonyesha makosa, inalalamikia jambo lilelile: null, yaani kilichotafutwa hakipo. Wadogo zangu, nawapenda, ila hicho kiti kimeanza kulegea. Someni haya kwanza.

1. Brauza husoma ukurasa toka juu kwenda chini. Skripti yako imekaa kwenye head, kule juu ya ukurasa, inatafuta kitufe kilichoandikwa mistari 60 chini yake. Kitufe hicho bado hakijakuwepo, ndiyo maana getElementById, inayokitafuta kwa id yake, inarudi mikono mitupu. Weka defer kwenye tagi ya skripti yenye src, isubiri ukurasa usomwe wote. Kwisha habari.

2. Chochote mnachosoma kwa .value toka kisanduku cha fomu ni maandishi, hata kama input mmeiandikia type ya number. "5" + "5" ni 55. Kinachowaponza ni kwamba "10" - "3" inatoa 7 bila ugomvi, mnadhani mambo shwari, halafu mkifika kwenye jumla mnaanza kunitazama mimi. Pitisheni kwenye Number() kwanza, iyageuze kuwa namba. Lawama zipelekeni mwaka 1995: Brendan Eich aliiunda lugha hii kwa siku 10 akiwa Netscape, na vituko vingi vya wakati ule havifutiki leo, maana kurasa za zamani zingevunjika.

3. Mabano. addEventListener hukipa kitufe msikilizaji, yaani fanksheni ya kuitwa kikibofywa. Ukiandika addEventListener('click', hifadhi()) umeshaiita fanksheni sasa hivi, kabla mtu hajagusa kitu. Jina bila mabano ni sawa na kuiachia brauza namba ya simu ya hifadhi ili iipigie kitufe kikibofywa. Mabano ni kupiga mwenyewe, tena ukurasa ukiwa ndio kwanza unafunguka.

4. Hili ni langu, na sijawahi kulisimulia lote.

Nilipewa kazi ya ukurasa wa kuandikisha washiriki wa semina. Katibu anaandika jina, anabofya Endelea, kinatokea kisanduku cha kuhakiki, anabofya Thibitisha, jina linakwenda kwenye seva, fomu inajisafisha, anaingiza mwingine. Ukurasa haupakiwi upya hata mara moja. Nilijiona fundi kwelikweli. Sasa ule mstari wa addEventListener wa kitufe cha Thibitisha niliuweka wapi? Ndani ya fanksheni ya Endelea. Kila Endelea ikibofywa, Thibitisha inaongezewa msikilizaji mpya, na wale wa zamani hawaondoki. Brauza humkataa msikilizaji anayerudiwa ikiwa ni fanksheni ileile, lakini mimi nilikuwa naandika fanksheni isiyo na jina papo hapo, na kwa brauza kila moja ni mgeni mpya. Mshiriki wa kwanza akatumwa mara moja, wa pili mara mbili, wa tatu mara tatu. Katibu aliandikisha watu 40. Pigeni hesabu wenyewe: safu 820 kwenye jedwali badala ya 40.

Nilikuwa nimeujaribu? Siku mbili nzima. Ila baada ya kila jaribio nilikuwa nabadilisha rangi au nafasi, napakia ukurasa upya, naanza tena. Kwa hiyo mshiriki wa pili sikuwahi kumwona. Habari ilinifikia kupitia printa ya beji. Katibu alinipigia simu, wala hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniuliza tu, kwa upole kabisa, kama huyu wa mwisho kwenye orodha ni mgeni rasmi, maana beji zake zimeshatoka 31 na printa bado inaendelea.

Nikapakia ukurasa upya, nikajaribu, ukafanya kazi vizuri. Nikamwambia, mimi huyuhuyu ninayewafokea nyinyi, kwamba tatizo ni intaneti yao. Saa tano usiku nikaandikisha watu watatu mfululizo kwa hasira tu, nikaona safu sita kwenye jedwali, nikakaa kimya muda mrefu. Dawa yake ilikuwa kuuhamisha mstari mmoja nje ya fanksheni ya Endelea. Kuomba radhi kulichukua zaidi, kwa sababu ilibidi nianze na ile ya intaneti.

5. Kwa hiyo jaribuni kitu kilekile mara tatu bila kupakia upya. Na ukurasa ukijipakia wenyewe mara tu unapobofya kitufe, ujue button iliyo ndani ya fomu hutuma fomu usipoiandikia type, au umesahau preventDefault, inayozuia hilo. Mkilinganisha, tumieni === badala ya ==. Mkiunda vigeu, achaneni na var. Let na const zipo tangu 2015, si mitindo ya jana.

6. Ukaguzi wa fomu kwenye brauza ni wa kumsaidia mtumiaji asikosee, haumzuii mtu mwenye nia yake. Kagueni tena kwenye seva. Juzi mmoja wenu alinionyesha fomu yake kwa fahari, haipokei idadi iliyo chini ya 1. Nikabonyeza F12 mbele yake, zikafunguka zana za brauza, nikafuta min, lile sharti la kima cha chini, nikaandika -7, nikatuma. Seva ikapokea, ikatushukuru. Kijana alinuna hadi jioni, na kesho yake asubuhi nikaona seva yake inakataa -7, inakataa 0, na inakataa pia 1.